Ng'ombe wa Nguzo Nne

Hapo zamani, enzi ambazo mtu aliapa kwa jina la mji wake na wenzake wakamwamini, palikuwa na mji uitwao Pangiro, nao ulitawaliwa na Sultani Bwanaheri. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu wasikilizaji wa hekaya wana haraka ya kumchukia kila mwenye kilemba kikubwa. Alikuwa mnene, mcheshi, mpenda usingizi, na ila yake ilikuwa moja tu: kila jambo jema aliloletewa alilisifu kwa maneno matamu, kisha akasema haliwezekani.

Nyuma ya jumba lake lilisimama ghala la mtama juu ya nguzo nne nene. Tumbo la ghala hilo lilikuwa kubwa hata msafiri aliliona kabla hajaiona nyumba yoyote ya Pangiro. Mtama ule ulitoka katika mashamba ya bondeni, na mashamba ya bondeni yalilimwa na watu wa mji wote kwa zamu, nyumba baada ya nyumba, kama ilivyokuwa tangu enzi za babu yake Sultani. Ukishavunwa hupandishwa ghalani, mlango ukafungwa, yakaishia hapo. Haukushuka tena ila kwa karamu za madiwani, na uliobaki uliliwa na fukusi. Ikawa watu wanalima mtama, wanaubeba mabegani, na jioni wanachemsha mchicha mtupu. Wenye nguvu wakaanza kufunga virago na kuhamia miji mingine.

Basi katika Pangiro alikaa mtu mmoja jina lake Ngwali, maskini wa kutupwa. Zamani alikuwa na kazi: alimswaga ngamia wa kinu cha ufuta cha Sultani. Ngamia alizunguka kinu, Ngwali akazunguka nyuma ya ngamia, na mafuta yakatiririka. Kisha ngamia akafa kwa uzee, kinu kikasimama, na Ngwali akasimama pamoja nacho. Hakubakiwa na kitu ila kamba ya yule ngamia, mkewe Mwanakheri, na ulimi wake. Wengi walimwona mjinga kwa kuwa kila alichoambiwa alikifanya vile vile kilivyotamkwa. Ukimwambia "Ningoje hapa," ukasahau, ulimkuta kesho yake pale pale, akakusalimu kwa adabu na kukuuliza habari za safari.

Siku moja Sultani aliitisha baraza, na desturi ya baraza hilo ilikuwa mlango wazi, kila mtu aingie asikilize. Sultani akauliza, "Enyi madiwani wangu, mbona watu wangu wanahama?"

Waziri Mahfudhi, mtu mwembamba mwenye wapwa wengi, akajibu, "Wamekosa adabu, bwana wangu."

Mwinyi Pandu, tajiri kuliko wote mjini, akasema, "Ni uvivu. Wanaikimbia kazi."

Hapo mtu mmoja mlangoni akaangua kicheko. Sultani akauliza, "Nani huyo anayecheka mbele yangu?"

"Ni mimi, bwana wangu, Ngwali wa kinu kilichosimama."

"Wacheka nini?"

"Nawacheka fukusi. Katika Pangiro nzima hakuna kiumbe mwenye raha kama fukusi wako. Wanakula asubuhi, wanakula jioni, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa afanya kazi gani."

Watu wakaziba vinywa vyao. Tumbo la Sultani likatikisika kidogo, maana alipenda mzaha hata ukimgusa mwenyewe. Akasema, "Ulitaka niwafanyeje fukusi?"

"Fukusi waache. Ila kile wanachokipata fukusi, wape na watu. Kila kinywa cha Pangiro kipate kibaba kimoja cha mtama kila siku, mwenye nacho na asiye nacho, pasipo kuulizwa neno. Kwa kibaba hicho hawatanenepa, wala hawatakufa, na cha kuongezea watakitafuta wenyewe."

Sultani akafikiri, akasema, "Wallahi ni neno zuri. Zuri mno. Lakini haliwezekani."

"Haliwezekani kabisa!" akadakia Mwinyi Pandu. "Mtu akipata kibaba cha bure, nani atakuja kupalilia shamba langu kwa ujira wa kibaba?" Neno lile lilimponyoka, akajifanya anakohoa, lakini lilikwisha kusikika.

Waziri Mahfudhi akanyoosha kidole. "Mimi sipingi maskini kupewa. Nipingalo ni kumpa mtu kama Mwinyi Pandu, ambaye mbwa wake wanakula vizuri kuliko mimi. Wapewe wanaostahili tu. Niachieni mimi kazi ya kuwachuja."

Sultani alipenda ushauri huo kwa kuwa ulifanana na busara. Basi Waziri akawaweka wapwa zake chini ya ngazi ya ghala wawahoji watu, na kila mpwa akala humo humo ghalani kama ujira wa kuhoji.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Kidawa, mama yake Mwanakheri, bibi kizee aliyekuwa hana meno wala shamba. Mpwa mmoja akamwuliza, "Bibi, una kuku?"

"Ninaye mmoja, mjukuu wangu."

"Basi wewe una mali. Rudi nyumbani."

Bi Kidawa akaenda akamchinja kuku, akala, akarudi. Mpwa akauliza, "Kuku yuko wapi?"

"Nimemla."

"Loo! Mtu anayekula kuku, mtama wautakia nini?"

Ikawa bibi kizee amerudi kwake hana kuku na hana mtama, na mambo yakawa hivyo kwa kila aliyekuja. Mmoja aliambiwa ana nguvu mno, mwingine akaambiwa ni dhaifu mno hata chakula kitapotea bure. Wapwa wa Waziri wakanenepa hata ngazi ikawa inalia wanapoipanda.

Ngwali akaenda tena barazani, na safari hii hakucheka. "Bwana wangu, mama mkwe wangu alikuwa na kuku. Sasa ana uzi aliomfungia kuku."

Sultani akaona haya, na mtu mkubwa akiona haya hukasirika upesi. Akasema, "Sikukuambia haliwezekani? Nikiwapa wote, Pandu anakataa. Nikiwapa baadhi, wewe waniletea uzi wa kuku. Haya, nakupa sharti mbele ya watu wote. Siku ya Mwaka imekaribia. Kabla jua la siku hiyo halijatua, madiwani wangu waseme kwa kinywa kimoja kwamba kila mtu na apate, nami nitalifungua ghala. Wasiposema, utafungwa kwenye kinu changu mahali pa ngamia, uzunguke hata mwisho wa uhai wako. Wala usimtishe mtu, wala usimhonge."

"Nimhonge kwa kitu gani, bwana wangu? Kamba?"

Watu wakacheka, lakini siku ile ile seremala alikuja kumpima Ngwali shingo. Nira ikachongwa, ikatundikwa ukutani penye kinu, nzito, ikinuka mti mbichi. Kila alipopita Ngwali aliitazama akaharakisha hatua, kwa maana yeye ndiye aliyemwona ngamia akifa katika nira ile ya zamani, naye alijua mzunguko ule hauna mwisho.

Akaanza kuwaendea madiwani mmoja mmoja. Mwinyi Pandu alimpokea akiwa ameegemea mito, akitafuna halua. "Ngwali, mtu akishiba haamki. Hiyo ndiyo tabia ya binadamu."

"Nawe bwana umeshiba tangu siku uliyozaliwa, na kila alfajiri u mashambani kukemea watu."

"Mimi ni mwingine," akasema Mwinyi Pandu, akaongeza halua.

Waziri naye alisema, "Nitakubali, mradi wapwa zangu wabaki penye ngazi." Na kila diwani mwingine alikuwa na mtu wake ambaye hakutaka apate: huyu jirani aliyehamia majuzi, huyu shemeji, huyu mtu aliyemshinda katika kesi ya mnazi. Ngwali akarudi nyumbani amekunja uso, akajitupa kitandani.

Mwanakheri alikuwa akichambua mchicha. Akamwambia, "Mume wangu, wewe wawauliza walioshiba kama wenye njaa wapewe chakula. Ulitaraji wajibuje?"

"Nifanyeje basi? Sharti ni wao waseme."

"Waseme, ndiyo. Lakini mwaka jana ng'ombe wa mji alipogawiwa, kuna mtu aliyeulizwa kama anastahili? Na Mwinyi Pandu nyama yake ilipochelewa, si alikuja mbio bila viatu, akipiga kelele kwamba wanataka kuitia nyumba yake nuksi? Kipande chenyewe kilikuwa ukubwa wa kidole gumba! Ana ng'ombe wangapi kwake?"

Ngwali akainuka kitandani. Akatwaa ile kamba ya ngamia akaanza kuikagua.

Kwa wasioijua desturi ya Pangiro, nitawaeleza. Siku ya Mwaka ng'ombe hutolewa katika zizi la Sultani, akafungwa kamba, akazungushwa mji mzima huku wazee wakisoma dua, ili mwaka uingie na heri. Mshika kamba sharti awe mtu asiye na shamba wala mali, asije akampinda ng'ombe apite kwake kwanza, na kwa umaskini wake Ngwali alikuwa ameshika cheo hicho miaka mingi bila mpinzani. Kamba ikishafungwa, ng'ombe si wa Sultani tena, ni wa mji. Hapigwi, halazimishwi, wala hafunguliwi. Kisha anagawiwa kwa kila aliyemo mjini, mkubwa na mdogo, mwenyeji na aliyefika jana, na kila apokeaye sharti aseme kwa sauti: "Nimepata, na mwenzangu apate." Akirukwa mtu mmoja, au mmoja akikataa, duara limevunjika, na balaa la mwaka huanzia katika nyumba ya aliyelivunja. Jambo hilo watu wa Pangiro waliliogopa kuliko Sultani, na Sultani mwenyewe aliliogopa kuliko wao.

Nisiwadanganye kwamba Ngwali alikuwa amekwisha kupanga yote. Siku ya Mwaka alipoamka alijua kitu kimoja tu, kwamba kamba anayo. Akapita penye kinu, akaiona nira, akamwomba Mungu, akaenda jumbani.

Akamkuta Sultani ananyolewa kwa ajili ya sikukuu. Kinyozi alikuwa amemwinamia na wembe, na madiwani wamekaa kwenye mkeka wakingoja zamu zao. Ngwali akasema, "Bwana wangu, heri ya Mwaka. Nimekuja kumchukua ng'ombe wa mji."

Sultani akajibu kwa pembe ya mdomo, asikatwe. "Ng'ombe wamepelekwa bara kutafuta majani. Nenda nyuma ya jumba. Chochote changu utakachokikuta kimesimama, kifunge kamba, hicho ndicho ng'ombe wa mji mwaka huu."

Madiwani wakatazamana wakatabasamu, maana kila mmoja alijua kwamba nyuma ya jumba palikuwa na beberu mmoja mzee mwenye upele, ambaye hata fisi alipomwona usiku alimpa pole akapita.

"Chochote, bwana wangu?"

"Chochote!"

"Mradi kimesimama?"

"Mradi kimesimama! Nenda zako, utanikatisha sikio."

"Nanyi madiwani mmesikia?"

"Tumesikia!" wakasema wote pamoja, na hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu mvua za vuli.

Ngwali akaenda nyuma ya jumba. Beberu alikuwa amelala ubavu, anatafuna kipande cha mkeka. Ngwali akamsimamia kitambo kirefu, kwa adabu, akimngoja aamue mwenyewe. Beberu akamtazama, akafumba macho. Basi Ngwali akainua uso, akaona kilichosimama. Akaenda akaifunga kamba ya ngamia kwenye nguzo ya ghala, fundo la mswaga ngamia, lile lisilofunguka kwa bahati mbaya, akaanza kuvuta.

"Twende, ng'ombe! Twende, mwanangu!"

Watu waliokuja kwa ajili ya mzunguko wakashika mbavu. "Ngwali, umerukwa na akili? Hilo ni ghala!"

"Miguu minne anayo," akasema Ngwali, jasho likimtoka. "Tumbo analo, tena limejaa. Mkia ndio ule," akaionyesha ngazi. "Sultani amesema kilichosimama, na madiwani ni mashahidi."

"Lakini hatembei!"

"Ng'ombe wa mji halazimishwi. Asipotaka kuzunguka yeye, tutazunguka sisi. Mimi nimekaa na kinu. Kinu hakitembei hata siku moja, na mafuta hutoka. Tatizo ni kamba tu, hii haifiki mbali."

Watu wakaitazama kamba. Kicheko kikawatoka, kitu kingine kikawaingia. Mwanakheri ndiye wa kwanza kuondoka, akarudi na kamba ya kisima. Mwingine akafungua kamba za kitanda chake. Wachunga mbuzi wakaleta za mbuzi, wakwezi wakaleta za kukwelea minazi, na kutoka nyumbani kwa Mwinyi Pandu mkewe mkubwa akatuma kamba nene ya kufungia mizigo, kwa kuwa hakutaka heri ya Mwaka impite. Bi Kidawa akaja mwisho, akikokota miguu, akatoa ule uzi wa kuku wake marehemu. Nao ukafungwa kwa heshima katikati ya kamba nyingine.

Wazee wakaanza dua, na dua ya Mwaka ikianza haikatwi. Ikawa wanakwenda, kamba ikinyooka nyuma yao, ikapita malangoni, ikapita makaburini, ikapita ufukweni na sokoni, mji mzima ukiitikia amina, hata ikarudi ghalani na kufungwa kwenye nguzo ya pili.

Kule ndani Sultani, aliyekuwa amepitiwa na usingizi chini ya wembe tangu asubuhi, aliamka akasikia dua zikizunguka, akasema, "Beberu wangu leo ana mwendo." Waziri Mahfudhi akaenda dirishani kuchungulia. Aliporudi uso wake ulikuwa wa majivu.

Sultani akatoka mbio, kichwa kimenyolewa upande mmoja na upande wa pili bado, kinyozi akimfuata na wembe. "Ngwali! Nilisema beberu!"

"La, bwana wangu. Beberu hukumtaja. Ulisema kilichosimama, na beberu alikuwa amelala." Wote wakageuka. Beberu alikuwa bado amelala, anamalizia mkeka.

"Mwenye upele yule ameniponza!" akafoka Sultani. "Waziri, fungua kamba hiyo!"

Waziri Mahfudhi akaitazama kamba, akakumbuka kwamba binti yake anaolewa mwezi ujao. "Mwinyi Pandu yuko karibu zaidi, bwana wangu."

Mwinyi Pandu akakumbuka jahazi lake lililo safarini. Akamwita mtumishi wake. Mtumishi akakumbuka mkewe ni mjamzito, akapotea ndani ya umati. Basi Sultani akanyoosha mkono mwenyewe, vidole vikaikaribia kamba, vikasimama hewani, vikarudi vikakuna upande wa kichwa ambao haujanyolewa. Hakuna aliyethubutu kucheka, ila kinyozi.

Kisha Sultani akapata wazo, uso ukamnawiri. "Vema. Kamba imefungwa, ng'ombe ni wa mji, mimi si mvunja mila. Lakini sharti langu liko pale pale. Madiwani hawajasema kwa kinywa kimoja, na jua linashuka. Seremala, lete ile nira."

Nira ikaletwa. Mwanakheri akaiona, akalia waziwazi, hakujificha. Na Ngwali, aliyekuwa akifanya mzaha tangu asubuhi, sasa aliuacha mzaha.

"Naomba nigawe kwanza, bwana wangu, kama ilivyo desturi. Wakubwa mbele."

Mlango wa ghala haukuhitaji kufunguliwa. Wapwa wa Waziri walikuwa humo ndani wanakula, wakatoa vichwa kuuliza kelele zile za nini. Ngwali akawaambia wateremshe mtama, akachota kibaba cha kwanza akakipeleka kwa Waziri Mahfudhi.

Waziri akatazama kulia, akatazama kushoto. Mji wote ulikuwa ukimtazama yeye, na katikati yao binti yake, bibi harusi, amekunja mikono kifuani. Akatandaza upindo wa joho lake. "Nimepata," akasema, "na mwenzangu apate."

Diwani wa pili akapokea. Huyu ndiye aliyeshindwa kesi ya mnazi, na aliyemshinda alikuwa amesimama nyuma yake, lakini akasema. Wakasema wote, mmoja baada ya mmoja, mpaka akabaki Mwinyi Pandu.

Ngwali akasimama mbele yake na kibaba. Mwinyi Pandu akasema, "Mimi sina haja ya mtama."

"Hakuna aliyekuuliza haja yako, bwana. Mwaka jana ulikuwa na haja ya nyama?"

"Ile ilikuwa desturi."

"Na hii ni nini?"

Mwinyi Pandu akatazama kamba. Akaiona kamba yake mwenyewe katikati ya nyingine, ile nene ya kufungia mizigo, imefungwa na uzi wa kuku. Akamtazama mkewe mkubwa, naye akamkazia macho. Jua lilikuwa limegusa mapaa. Ngwali alihisi nira shingoni ingawa ilikuwa bado mikononi mwa seremala.

Mkono wa Mwinyi Pandu ukanyooka. Kitu kikiwa ni cha kila mtu, hata tajiri haoni vema akose. "Nimepata," akanong'ona.

"Na?" wakauliza watu.

"Nimekwisha sema nimepata!"

"Na?" ukaitikia mji mzima.

"Na mwenzangu apate!" akapaza sauti, karibu alie. Basi kikapanda kishindo cha vigelegele hata beberu akasimama, kwa mara ya kwanza siku ile.

Ngwali akamgeukia Sultani, akapiga goti. "Bwana wangu, madiwani wako wamesema kwamba kila mtu na apate. Wamesema wote, na jua halijatua. Sikumtisha mtu, na nilichompa kila mmoja ni kile kile atakachopata hata mama mkwe wangu."

Mwinyi Pandu akajaribu mara ya mwisho. "Sawa, kwa leo! Ng'ombe wa mji huliwa siku moja, kesho ghala lifungwe."

"Huliwa siku moja kwa sababu huwa amechinjwa," akasema Ngwali. "Huyu nani amemchinja? Huyu kila mavuno tunamjaza sisi wenyewe kwa majembe yetu, naye yu hai, mnamwona amesimama. Ng'ombe wa namna hii hachinjwi, Mwinyi Pandu. Anakamuliwa, kibaba kibaba."

Sultani akaketi kwenye ngazi ya ghala. Kwanza tumbo likatikisika, kisha mabega, kisha akacheka hata machozi yakamtoka, na hiyo nusu ya nywele ikimtikisika kichwani. "Enyi watu," akasema, "miaka yote nimeketi nikisema haliwezekani, kumbe lilikuwa lahitaji kamba tu." Akaufungua mkunjo wa shuka yake. "Nipimie na mimi." Ngwali akampimia. "Nimepata," akasema Sultani wa Pangiro, "na mwenzangu apate." Na wanaosimulia wanasema hakuwahi kuula mtama kwa furaha kama ule.

Kisha akataka kumtuza Ngwali vibaba viwili kila siku. Ngwali akakataa katakata. "Nikipata viwili, Waziri atataka kujua nimestahilije, nao wapwa zake watarudi kwenye ngazi." Basi akapewa ngamia mpya, kinu kikaanza tena kutoa mafuta, na ile nira iliyochongwa kwa kipimo cha shingo yake Mwanakheri aliipasua kuni, akaupikia mtama wao wa kwanza. Ulikuwa mti mzuri, uliwaka bila moshi.

Mwaniuliza kama watu walilala. Siku za mwanzo baadhi yao walilala kweli, nami siwatetei wala siwalaumu. Mtu aliyechoka miaka mingi ana deni la usingizi. Kisha wakaamka wakaenda mashambani, kwa kuwa nani ataka kula mtama mkavu pasipo kitoweo? Mwinyi Pandu alilazimika kuongeza ujira, tena akajifunza kuwaita vibarua wake kwa majina yao. Wapwa wa Waziri walipungua miili, mmoja wao akawa mkwezi hodari. Bi Kidawa akapata kuku mwingine, na hakuna aliyemwuliza habari zake. Waliohama wakarudi mmoja mmoja na virago vyao. Na kila siku ya Mwaka kamba ile iliongezwa, kila nyumba mpya ikileta kipande chake.

Ikawa mwaka ule, katika Pangiro yote, waliohama ni fukusi peke yao. Nami niliyewasimulia nimepata changu, na mwenzangu apate.